Hisa Haivunjwi Desemba

Jumamosi moja ya Desemba 2021, kabla jua halijapanda, watu 11 walifika nyumbani kwangu Ilula, wilayani Kilolo. Wakakaa kwenye mabenchi nyuma ya nyumba, mke wangu akaleta chai, tukajuliana hali kwa kirefu: watoto, mvua, bei ya tenga la nyanya. Chai ilipokwisha, mama mmoja jirani, ambaye wanawe wawili wamepita darasani kwangu, akasema kilichowaleta.

"Mwalimu, tumekuja kuuliza. Ile yetu ya mashine, tunavunja lini?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikabaki na kikombe mkononi.

Aliyewahi kukaa kwenye kikoba ataelewa swali lile lilitoka wapi. Nimekuwa mweka hazina wa kikoba chetu kwa miaka 9. Kisanduku kina kufuli 3, na ufunguo mmoja hulala kwangu. Kila wiki mwanachama ananunua hisa zake, moja hadi tano, anagongewa muhuri kwenye kijitabu, fedha zinakopeshwa humo humo, na mwaka ukiisha tunavunja: kila mtu anachukua hisa zake na faida yake, tunapika, tunakula, tunaanza upya. Ada za Januari zinatoka hapo. Mbolea inatoka hapo. Kwa hiyo neno hisa, kwa mtu wa Kilolo, lina mwezi wake, na mwezi huo ni Desemba. Walichoniuliza watu wale kilikuwa sahihi kabisa kwa neno walilolijua. Kosa lilikuwa langu, niliyewapelekea neno lile lile likiwa na maana nyingine na nisiwaambie.

Mashine waliyoisema ni ya mpwa wangu. Alirudi nyumbani mwaka 2019 baada ya kusoma mambo ya elektroniki Mbeya, pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, akiwa na begi la nguo na boksi la nyaya. Nyuma ya nyumba ya mama yake akaanza kutengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Za namna hiyo zipo nyingi, utazikuta Iringa mjini na Kariakoo. Yake ilikuwa na kitu kimoja cha ziada. Yai la kuku linataka joto la nyuzi 37 na nusu hivi kwa siku 21, na linataka kugeuzwa. Sasa fikiria Kidabaga au Boma la Ng'ombe mwezi wa Juni, baridi ile inayopasua midomo, umeme ukatike saa saba usiku wakati mwenye mashine amelala fofofo. Asubuhi anakuta trei 7 za mayai yaliyokufa. Mpwa wangu aliweka ndani ya mashine kifaa kidogo chenye laini ya simu. Umeme ukikatika, au joto likishuka, mwenye mashine anapata ujumbe: umeme hakuna, joto 35. Anaamka, anafunika mashine kwa mablanketi, anaweka chupa za maji ya moto, anaokoa mayai yake. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama wa Kidabaga, na siku vifaranga vilipototolewa baada ya usiku wa namna hiyo alimpigia simu kijana akilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa naye simu ilipoingia. Tangu siku ile nilijua kijana yule hachezi.

Alihitaji shilingi milioni 6 na ushee, anunue vifaa kwa jumla badala ya kimoja kimoja, apange chumba chenye umeme wa uhakika, amlipe fundi seremala mmoja. Benki wanataka hati ya nyumba, naye nyumba hana. Halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini ilikuwa ya vikundi. Alijaribu kuunda kikundi, wenzake wakaanza kupanga mgawo kabla hata ya kujaza fomu, akaachana nao. (Baadaye, mwaka 2023, serikali iliisimamisha mikopo hiyo, ikaja kuirejesha mwaka uliofuata.) Akajaribu mashindano ya wabunifu Dar es Salaam. Alipanda basi, akashuka Kitonga kwenye kona zile, kilomita 500 hivi, kwenda kuzungumza kwa dakika 5. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja akamuuliza kama yuko tayari kuhamia Dar. Akajibu kuwa wafugaji anaowahudumia wako Kilolo. Akarudi na cheti cha ushiriki.

Jioni moja akanionyesha kwenye simu kitu alichokuwa anakisoma. Uingereza, mwaka 2011, kampuni iitwayo Crowdcube ilifungua mlango mtandaoni ambapo mtu wa kawaida anaweza kununua kipande kidogo cha kampuni changa, kwa fedha ndogo, pamoja na mamia ya wengine wasiojuana. Kilichomgusa yeye ni kwamba haikuanzia London. Ilianzia Exeter, mji wa kusini magharibi, ambao umbali wake na London ni karibu sawa na kutoka Iringa hadi Dodoma. "Mjomba, na wao walikuwa mbali na wenye fedha," akaniambia. Wamarekani nao walitunga sheria yao mwaka 2012, ila ikawachukua hadi Mei 2016 kumruhusu mtu wa kawaida kununua hisa kwa njia hiyo, na kwanza kwa kikomo cha dola milioni moja hivi kwa kampuni kwa mwaka. Mwaka 2021 wakakipandisha hadi milioni 5. Hata taifa lenye masoko makubwa kiasi kile lilisita miaka minne kabla ya kumfungulia mlango mama wa nyumbani. Kusita huko nilikuja kukuelewa baadaye.

Kijana alikuwa tayari ameandika tangazo la kulituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kilolo waishio Dar, kundi lenye mamia ya watu. Namshukuru Mungu tulipita kwanza kwa wakili, Iringa mjini. Akalisoma tangazo, akasema: "Futa." Kampuni binafsi, kwa sheria yetu ya makampuni ya mwaka 2002, haizidishi wanachama 50, ukiacha wafanyakazi wake, na hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake. Unaweza kumwendea mtu unayemjua, ukakaa naye, ukamweleza. Ukisimama sokoni na kipaza sauti, au ukituma tangazo kwa watu mia tatu, umeingia kwenye himaya ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na huko kuna waraka wa matarajio, wakaguzi, mawakili, gharama inayozidi hiyo milioni 6 mara nyingi.

Mpwa wangu alitoka pale amenuna. Aliona sheria imewekwa kumzuia mtu mdogo. Mimi nilikumbuka mwaka 2009. Nchi hii ilishuhudia DECI, mpango ulioita watu "kupanda mbegu" ili "wavune", na waliopanda walikuwa waumini, wajane, walimu, watu wenye akili timamu, hadi serikali ilipousimamisha na viongozi wake kufikishwa mahakamani. Neno la shambani lilitumika kuwafanya wakulima waamini. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kikomo kile cha watu 50 kinamkinga shangazi yangu dhidi ya mtu asiye yeye, na kwamba sheria haina njia ya kujua kwamba yeye ni yeye. Bado naamini hivyo. Naamini pia kwamba lazima pawepo njia ya katikati, nyepesi kuliko soko la hisa na salama kuliko maneno matupu. Kenya walitunga kanuni zao za jambo hili mwaka 2022, na nimefurahi kuona jirani analijaribu.

Basi tukaenda nyumba kwa nyumba. Ilula, Mazombe, Image, mpaka Kidabaga kwa yule mama. Kampuni ikagawanywa hisa 100, kila hisa shilingi 200,000. Watu 31 wakanunua moja moja. Zilizobaki 69 zikawa za kijana.

Hapo ndipo penye mjadala mkali kuliko yote niliyowahi kuongoza. Kikao kilikuwa sebuleni kwa dada yangu. Bwana mmoja mkulima wa vitunguu akasimama: "Naomba nieleweshwe. Mimi nimetoa laki mbili nina moja. Huyu hakutoa hata mia ana 69. Hizo 69 ni za mashine au za kichwa chake?" Swali hilo ndilo wataalamu wa mitaji wanalozunguka nalo kwa kurasa na kurasa, na yeye alilimaliza kwa pumzi moja. Nilijaribu kueleza, nikajikwaa. Aliyetuokoa ni mzee mwenye mianzi mingi ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, huko Image. Akasema mianzi yake yeye hawezi tena kuikata wala kuikinga. Yupo kijana anayeamka alfajiri na kurudi jioni, msimu mzima wa mvua. "Ulanzi ukipatikana tunagawana, na yeye anapata zaidi, kwa sababu mianzi bila mkono wake ni kuni. Sasa hapa mashine na mkono vyote ni vya huyu. Sisi tunamletea vibuyu tu." Mkulima wa vitunguu akafikiri kwa muda. Akasema sawa, lakini kibuyu chake kiandikwe. Kikaandikwa.

Sasa turudi kwenye mabenchi, Desemba ile. Niliwaeleza kwamba hisa hizi hazivunjwi. Fedha imegeuka kuwa mbao, vipima joto, laini za simu, chumba cha kupanga. Ukizivunja unavunja kampuni yenyewe. Faida ikipatikana litatoka gawio, na isipopatikana halitoki. Kimya. Kisha yule yule mama jirani akasema, polepole, kama anayejisemea: "Kumbe ni kama miti. Siyo kama kikoba."

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi. Kilolo ni wilaya ya miti. Mtu anapanda misonobari leo, na kuvuna ni baada ya miaka 10, 15, wengine zaidi. Katikati hapo hakuna kitu, ni kupalilia na kuchimba barabara za moto. Na akipatwa na shida miti ikiwa na miaka minne, anamwita mwenye subira na fedha, wanaingia shambani, wanatembea mstari kwa mstari, wanapatana bei, shamba linabadilisha mwenyewe miti ikiwa bado michanga. Watu wetu ambao hawajafika darasa la saba wanafanya biashara hiyo kila mwaka. Wanaijua subira ya mtaji kuliko mimi mwenye shahada ya ualimu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba hii nayo ni subira ya namna ile.

Lakini mwaka 2022 mfano wa miti ulinigeukia. Shangazi yangu, mmoja wa wale 31, aliugua mguu. Akaja kwangu akisaidiwa na mjukuu. "Mwanangu, nataka kuuza mti wangu." Nikamuuliza bei. Akanitazama kwa mshangao: "Si wewe ndiye unayejua?" Sikujua. Wala mpwa wangu hakujua. Msonobari unauona, unauzungushia mikono, unauhesabu. Hisa ya kampuni iliyo nyuma ya nyumba ya dada yangu utaizungushia nini? Na mnunuzi yuko wapi? Madalali wa miti wanapita Kilolo na pikipiki zao, dalali wa hisa za mashine za vifaranga hajapata kuzaliwa.

Niliinunua mimi, kwa laki mbili zile zile. Nilijiambia nimemsaidia shangazi. Usiku usingizi ulikataa, kwa sababu sikuweza kujua kama nimemsaidia au nimempunja. Kama kampuni ilikuwa imekua, hisa yake ilikuwa na thamani zaidi ya laki mbili, nami nimemlalia mgonjwa. Kama imedidimia, nimempa sadaka na kuiita biashara. Namna pekee ya kujua ilikuwa kufungua daftari, na daftari hilo, mwaka mzima, hakuna aliyeliomba. Hata mimi. Mimi ninayesoma hesabu za kikoba kwa sauti kila wiki mbele ya watu 30, nilikuwa naona haya kumuuliza mtoto wa dada yangu ameuza mashine ngapi.

Hapo nikawaza majirani zetu. Mafinga, watu wa Mufindi waliweka hisa zao pamoja wakaanzisha benki yao ya wananchi, MUCOBA, mwaka 1998, na mwaka 2016 hisa zake zikaingia kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye dirisha la kampuni zinazokua. Njombe nao walianzisha yao. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu iliifutia leseni benki ya wananchi ya Njombe pamoja na nyingine nne, kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Mwenye amana alikuwa na bima yake ya hadi shilingi 1,500,000. Mwenye hisa hana bima. Yeye hulipwa mwisho, kama kuna kilichobaki, kwa sababu ndiye mwenye nyumba, na nyumba ikiungua mwenye nyumba hawezi kudai kodi. Jambo hilo nililijua. Niliposhuka Kidabaga kumwomba yule mama laki mbili, sikulisema kwa uwazi unaostahili. Nilisema "kuna hatari kidogo", nikaendelea kueleza vifaranga. Hadi leo nikikutana naye barabarani najisikia nina deni, ingawa hajanidai kitu.

Nikamwendea mpwa wangu nikamwambia nataka daftari lifunguliwe mbele ya watu wote 31. Uso wake ukabadilika. "Mjomba, ina maana huniamini?"

Nimelifikiria swali lile kuliko swali lolote nililoulizwa na mwanafunzi. Kwetu, kumuuliza ndugu hesabu ni karibu na kumwita mwizi. Mchango wa harusi hauulizwi, wa msiba ndiyo kabisa. Mkopo unauliza, lakini unauliza jambo moja: lini. Hisa inakutaka uulize kila kitu, na umuulize mtu unayemwogopa kumkosea, ambaye Jumapili mnakaa benchi moja kanisani. Mtu wa Exeter anayenunua kipande cha kampuni asiyoijua haoni haya kuuliza. Anauliza kwa sababu hamjui mwenye kampuni. Sisi tuliokuwa na nafasi ya kuiona mashine kwa macho na kumshika mkono aliyeitengeneza, ndio tuliokaa mwaka mzima gizani kwa ajili ya heshima.

Nilimjibu hivi: "Mwenye shamba la miti akienda kulitembelea, miti haisemi huniamini." Hakucheka, wala mimi sikukusudia acheke. Siku tatu hakunipigia simu. Siku ya nne akaja, shikamoo yake ikiwa ya chini, akaweka mezani madaftari mawili ya kurasa 200 na mfuko wa risiti. Tulikaa hadi usiku. Alikuwa ameuza mashine 14. Wateja watatu walikuwa hawajamaliza kulipa, na mmoja wao alikuwa mjumbe wa kampuni, mwenye hisa moja. Alikuwa hajajilipa mshahara miezi mitano, na hakutaka mama yake ajue. Hiyo ndiyo siri aliyokuwa anailinda. Sisi tulidhani pengine anaficha faida, kumbe alikuwa anaficha njaa.

Baadaye nilikwenda kwa shangazi na ile hesabu, nikamweleza ukurasa kwa ukurasa. Tukakubaliana kwamba laki mbili ilikuwa bei ya haki. Mguu wake ulikuwa umepata nafuu. Akaniuliza kama anaweza kuurudisha mti wake, nikamrudishia kwa bei ile ile.

Mwaka 2023 haukuwa mwema. Dola iliadimika nchini, shilingi ikashuka, vipima joto na vifaa vya laini vinavyotoka China vikapanda bei Kariakoo, na mfugaji wa Kilolo hawezi kupandishiwa mashine kila mwezi. Hatukupata gawio. Lakini kila mtu alijua kwa nini, hadi bei ya kipima joto kimoja, na hakuna aliyekuja Desemba kuuliza tunavunja lini. Gawio la kwanza lilitoka mapema mwaka 2025: shilingi 15,000 kwa hisa. Wapo waliolipokea kwa mikono miwili kama wanapokea ekaristi.

Kikao cha siku hiyo kilifanyika sebuleni pale pale kwa dada yangu, mvua ikipiga mabati kiasi cha kulazimika kupaza sauti. Mpwa wangu alisoma mapato, akasoma matumizi. Alipofika kwenye usafiri, yule mama wa Kidabaga akainua mkono. Alikuwa na kijidaftari chake mwenyewe, kile cha kikoba, na nyuma yake alikuwa ameandika tarakimu kwa kalamu ya risasi. Akasema mwaka jana kupeleka mashine Mafinga kuligharimu hivi, mwaka huu kumegharimu karibu mara mbili, na nauli za mizigo hazijapanda kiasi hicho. Anaomba kujua.

Nilimtazama mpwa wangu. Akasema, "Asante mama, ngoja nitafute risiti," akapiga magoti sakafuni, akamwaga mfuko kwenye mkeka, akaanza kuzipanga moja moja kwa miezi, na watu wawili wakashuka kwenye viti kumsaidia kuzisoma.